Gitaa Zito Arusha na Moshi: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki Kuhusu Pedali na Maboksi ya Spika

Nina chumba cha mazoezi Kijenge, nyuma ya gereji, kuta zimebandikwa trei za mayai na mablanketi ya mitumba. Jumamosi kinajaa vijana wa muziki mzito, yaani metali, wengine wamepanda Coaster asubuhi kutoka Moshi na gitaa mgongoni. Jumapili hao hao utawakuta kanisani wakipiga sebene kama hawajawahi kugusa distoshoni, ule mkwaruzo wa makusudi wa gitaa, maishani. Maswali yao yanafanana mno. Nimechoka kuyajibu kwa kurekodi sauti za dakika sita kwenye WhatsApp, basi nimeyaandika hapa.

Nina hela ya kununua kitu kimoja tu. Nianze na pedali (kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa) au spika?

Spika. Soma jibu linalofuata utaelewa kwa nini.

Nimenunua pedali ya distoshoni, lakini nikichomeka kwenye mikseta inalia kama nyuki. Ni mbovu?

Si mbovu. Ulichokosa ni spika ya gitaa.

Distoshoni inayakata kata mawimbi ya sauti, na pale yanapokatwa huzaliwa sauti nyingine ndogo ndogo za juu ambazo hukuzipiga wewe. Nyingi zinakera masikio. Spika ya gitaa ya inchi 12 haiwezi kuzitoa: nguvu yake inaisha karibu na hezi 5,000, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde. Celestion Vintage 30, ambayo utaikuta kwenye maboksi mengi ya wapiga metali duniani, kiwandani wameiandikia hezi 70 hadi 5,000. Kwa maneno mengine, ule "udhaifu" wake ndio chujio lako. Spika za ukumbini na kanisani zina twita, kile kispika kidogo cha juu, na twita inafika hadi hezi 18,000 au zaidi. Kila uchafu uliozalishwa na pedali unatoka mzima mzima, ukiwa umevaa suti.

Niliyajua haya kwa aibu. Miaka hiyo nilipiga kwenye sherehe moja Majengo, Moshi, nikachomeka pedali moja kwa moja kwenye mikseta ya MC. Nilipokanyaga tu, bibi mmoja mstari wa mbele akaziba masikio kwa khanga. Pedali ile ile ninayo hadi leo, na kwenye boksi langu inanguruma vizuri kabisa.

Sasa kama sina amplifaya ya gitaa na nitaendelea kutumia spika za kanisani?

Inawezekana, ila uwe na kitu cha kuigiza boksi la spika. Siku hizi zipo pedali ndogo zinazobeba picha ya sauti ya boksi: mtu alirekodi boksi halisi kwa maikrofoni, akatunza namna linavyoitikia, na pedali yako inalipaka gitaa lako umbo hilo kabla halijafika kwenye mikseta. Pedali za aina hii hukaa mwisho kabisa, baada ya distoshoni zote. Maltiefekti (mashine moja yenye pedali nyingi ndani) nyingi za bei nafuu nazo zinayo, ila watu wanasahau kuiwasha. Angalia mashine yako kabla hujaanza kuilaumu.

Kama huna hata hiyo, mwombe fundi mitambo akate kila kitu juu ya hezi 5,000 au 6,000 kwenye chaneli yako, na chini ya hezi 80 pia. Haitakuwa tamu, lakini bibi hataziba masikio.

Ovadraivu, distoshoni na fazi, tofauti yake nini hasa?

Zote tatu ni ndugu. Zinatofautiana kwa ukali wa kukata mawimbi.

Ovadraivu inakata taratibu, kama amplifaya iliyofunguliwa sana. Maarufu kuliko zote ni Tube Screamer ya Ibanez, ile ya kijani. Inapunguza besi na kusukuma midi, yaani sauti za katikati, karibu na hezi 720. Wapiga metali wengi hawaitumii kutoa distoshoni kabisa: wanaweka nobu (kile cha kuzungusha) ya draivu, yaani ukali, sifuri, na levo, yaani kiasi cha sauti, juu, halafu wanaitanguliza mbele ya amplifaya ambayo tayari inanguruma. Besi iliyolegea inakazwa, na ule mkato wa kiganja kwenye nyuzi nene unasikika tap-tap-tap badala ya buu-buu. Kama una amplifaya yenye geini (nguvu ya kuikwaruza sauti) ya kutosha, hii ndiyo pedali ya kwanza ningekushauri, hata kama haionekani ya kimetali.

Distoshoni inakata kwa nguvu zaidi. Boss DS-1 ilitoka 1978, na RAT ya ProCo ilianza Kalamazoo, Marekani, miaka hiyo hiyo. Nobu ya filta kwenye RAT inafanya kazi kinyume: ukiizungusha kulia, sauti za juu zinapungua. Nimeshaletewa RAT tatu kuja "kutengenezwa" ambazo hazikuwa na tatizo lolote isipokuwa hilo.

Fazi inakata mpaka wimbi linakaribia kuwa mraba. Big Muff ya Electro-Harmonix ni ya tangu 1969. Ni nzito, inavuta noti ndefu, inafaa kwa muziki wa polepole na mzito kama treni ya mizigo. Udhaifu wake ni midi: imechimbwa shimo katikati, kwa hiyo nyumbani inasikika kubwa kama mlima, ukifika kwenye bendi yenye ngoma na gitaa la pili unapotea.

Kabla ya pedali watu walikuwa wakiharibu spika zenyewe. Mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks, London, aliichana karatasi ya spika yake kwa wembe ili ikwaruze. Mtu asije kujaribu kwenye spika yangu.

Pedali ya Metal Zone wanaicheka sana. Nisinunue?

Wanaicheka kwa sababu wanaifungua yote. Metal Zone, yaani Boss MT-2, ilitoka 1991 na ina kitu ambacho pedali nyingi hazina: nobu ya kuchagua ni midi ipi unayotaka kuigusa, kuanzia hezi 200 hadi 5,000. Kijana anaikata midi yote, anapandisha besi na trebo hadi mwisho, kisha anasema pedali mbaya. Anza kila kitu saa sita kamili (mshale juu), geini saa tatu (mshale kushoto), halafu tembeza ile nobu ya midi polepole huku unapiga. Utafika mahali gitaa linajitokeza lenyewe.

Jambo jingine: kama amplifaya yako ina tundu la kurudishia efekti nyuma, chomeka Metal Zone pale badala ya mbele. Inakuwa ndiyo priamp yenyewe, sehemu inayoiumba sauti, na amplifaya inabaki kusukuma spika tu. Wengi waliojaribu hapa chumbani wameacha kucheka.

Na ile ya bendi za Uswidi, inayosikika kama msumeno wa umeme?

Hiyo ni Boss HM-2 Heavy Metal, ya 1983. Iliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya bendi za Stockholm kama Entombed kugundua kwamba nobu zote nne zikipelekwa mwisho unapata sauti ya msumeno wa chuma. Bei za zile kuukuu zilipanda hadi Boss wenyewe wakairudisha 2021 kama HM-2W. Ni sauti moja, inafanya kazi moja. Ukiipenda hutaki nyingine. Usiinunue ikiwa ndiyo pedali yako ya kwanza na Jumapili unasubiriwa na kwaya.

Geini niweke ngapi?

Pungufu ya unavyofikiri. Na midi usiitupe.

Wazee wa muziki wa dansi walilijua hili bila kuambiwa. Gitaa la solo, la pili, la rizimu na la besi, kila moja lilikaa kwenye kiti chake, na hakuna aliyemkalia mwenzake. Metali ni vile vile. Besi ni ya mpiga besi na ngoma kubwa, matasa yamechukua juu, wewe umebaki na katikati. Ukiikata midi kwa sababu chumbani kwako ilisikika kali, jukwaani unawaachia wenzako nafasi yako.

Nimeshusha tyuni hadi C na gitaa limelegea kama kamba ya nguo. Nibadilishe pedali?

Badilisha nyuzi. Uzi wa sita ukiwa E unatetemeka mara 82 kwa sekunde; ukishusha hadi C ni 65; B ni karibu 62. Uzi ule ule mwembamba wa seti ya 9 (namba hizi ni unene wa nyuzi kwa elfu za inchi) hauna nguvu ya kusimama huko chini. Kwa C jaribu seti inayoanza na 11 au 12 na kuishia 54 hadi 60, kisha urekebishe shingo na daraja.

Aliyeanzisha mchezo huu, Tony Iommi wa Birmingham, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alishusha tyuni kwa sababu nyingine kabisa: mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili akiwa na miaka 17, na nyuzi zilizolegea zilimpunguzia maumivu. Yeye alitumia nyuzi nyembamba. Wewe una vidole kumi, funga nyuzi nene.

Kumbuka pia kwamba spika inayoanzia hezi 70 haitoi hiyo 62 kikamilifu. Sikio linaijenga noti kutokana na sauti zake za juu. Ndiyo maana kuongeza nobu ya besi hakukusaidii, kunaitia spika jasho tu.

Omu ni nini, na nikikosea naunguza nini?

Hapa tulia, kwa sababu hapa ndipo hela inapoungua.

Omu ni ukinzani ambao spika inauonyesha amplifaya. Omu zikiwa chache, umeme mwingi unapita. Amplifaya ya transista ikiandikwa omu 4 kuwa ndiyo kima cha chini, unaweza kuipa boksi la omu 4, 8 au 16; ukipanda, nguvu inapungua lakini haiungui. Ukishuka chini ya 4, inapata moto na transista za mwisho zinaondoka.

Amplifaya ya valvu, yenye zile balbu za kioo ndani badala ya transista, ni tabia nyingine. Ina transfoma ya kutolea sauti na inataka omu zilingane na tundu ulilochomeka: 8 kwa 8, 16 kwa 16. Na usiiwashe na kuipiga hata siku moja bila spika. Nishati ikikosa pa kwenda inarudi ndani, na transfoma hiyo ndicho kifaa ghali kuliko vyote mle.

Hesabu ni hizi. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa 4. Zikiungwa kwa mfuatano zinakuwa 16. Boksi la spika nne za omu 16: unaunga mbili mbili kwa mfuatano unapata 32 kila jozi, kisha jozi hizo mbili sambamba, unarudi 16. Pima kwa mita kabla ya kuwasha. Mita itakuonyesha pungufu kidogo ya kilichoandikwa, kama 6 na nusu kwa spika ya 8, hilo ni sawa.

Halafu waya. Waya wa gitaa na waya wa spika vina jeki zinazofanana, ndani ni vitu viwili tofauti. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungushiwa kinga. Ukiutumia kati ya kichwa (amplifaya isiyo na spika) na boksi, waya huo unapata moto. Chalii mmoja alifanya hivyo hapa, tukasikia harufu kabla ya kusikia tatizo.

Wati ngapi zinatosha kupiga na ngoma halisi?

Amplifaya ya valvu ya wati 20 au 30 na boksi zuri inatosha chumbani na kwenye ukumbi mdogo. Wati 100 si mara mbili ya wati 50 masikioni: kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio liseme "hii ni mara mbili" unahitaji karibu wati mara kumi. Tofauti hiyo hiyo ya desibeli 3 unaipata bure kwa kubadilisha spika ya desibeli 97 na kuweka ya 100. Angalia namba hiyo ya usikivu wa spika, watu hawaiulizi.

Upande wa uvumilivu, spika zijumlishwe zizidi amplifaya kwa kiasi kizuri. Valvu ya wati 50 ikifunguliwa hadi mwisho inatoa zaidi ya ilichoandikiwa, kwa hiyo spika moja ya Celestion Greenback ya wati 25 itaungua koili. Vintage 30, pamoja na jina lake, ni ya wati 60.

Seremala wangu anaweza kutengeneza boksi?

Anaweza, tena vizuri kuliko maboksi mengi ya dukani. Langu la kwanza limechongwa Unga Limited na fundi wa makabati ya jikoni.

Mbao: plaiwudi ya milimita 18, iliyobana, isiyo na mashimo ndani. Ile ya marini wanayotumia mafundi wa zege inafaa ukichagua shiti safi. Chipubodi ikiguswa na unyevu wa masika inavimba kama andazi, na MDF ni nzito bila sababu. Paina ya West Kilimanjaro niliwahi kuitumia kwa boksi la spika moja lililo wazi nyuma. Ni nyepesi na sauti yake laini, ila ikauke kwelikweli kwanza, la sivyo viungo vitaachia. Kwa metali funga nyuma. Boksi lililofungwa linaikaza besi na kuipeleka mbele. Lililo wazi linaisambaza chumba kizima.

Tundu la spika ya inchi 12 lisikatwe inchi 12! Kwa Celestion ni kipenyo cha sentimita 28.3. Fundi wangu alikata kwa jina badala ya kipimo, spika ikadondokea ndani, tukanunua shiti nyingine. Gundi kila kiungo, kisha skrubu, na weka nguzo katikati ya ubao wa mbele na wa nyuma ili usipige ngoma wenyewe. Tundu la jeki lizibwe vizuri, hewa isipigie filimbi.

Ukubwa: boksi la Marshall 1960A lenye spika nne lina upana wa sentimita 77, urefu wa 75.5, kina cha 36.5, na uzito wa kilo 36 hivi. Hadithi yake ni kwamba Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, alimtaka Jim Marshall amtengenezee moja la spika nane, wabebaji wakalia, likagawanywa mawili ya spika nne yanayopandana. Wewe huna wabebaji. Kama unapanda daladala ya Sakina, tengeneza la spika mbili, au mawili ya spika moja moja.

Naweza kuweka spika ya sabufa au ya gari?

Hapana. Karatasi yake ni nzito, imetengenezwa kwa besi tu, na haina midi ya kukupa.

Nimeletewa amplifaya kutoka Japani. Nichomeke tu?

Subiri! Japani ni volti 100, Marekani 120, sisi 230. Ukichomeka tu, utaona moshi. Tafuta transfoma ya kushusha, na uwezo wake uzidi wati ambazo amplifaya *inakula*, ambazo zimeandikwa nyuma karibu na waya wa umeme, siyo wati inazotoa kwenye spika. Ya valvu ya wati 100 inakula zaidi ya mara mbili ya hizo. Vifaa vya Japani vingi vimeandikwa hezi 50/60 kwa sababu nchi yenyewe ina umeme wa aina zote mbili, hivyo hapo huna wasiwasi. Vya Marekani vilivyoandikwa 60 peke yake vinapata joto zaidi kwenye umeme wetu wa 50.

Umeme ukiwa unapanda na kushuka jioni, weka stebilaiza. Ukikatika, zima swichi ya amplifaya kabla haujarudi, kwa sababu unaporudi unarudi kwa hasira.

Pedali nyingi ni volti 9 na hasi iko katikati ya jeki, kinyume na adapta nyingi za redio na modemu. Fazi za zamani zenye transista za jerimaniamu mara nyingine zimegeuzwa. Soma mchoro mdogo kando ya tundu. Miliampia zikizidi haidhuru, pedali inachukua inachohitaji. Volti zikizidi inadhuru. Ukiunga pedali ya kidijitali na distoshoni kwenye adapta moja ukasikia mluzi, zitenganishe.

Pedali nizipange vipi, na geti la kelele (pedali inayofunga sauti usipopiga) likae wapi?

Wawa, ovadraivu, distoshoni, kisha mwangwi, na ile ya kuigiza boksi, kama unayo, mwisho kabisa. Ukitanguliza mwangwi kabla ya distoshoni, kila mwangwi unachafuliwa na unapata uji. Geti likae baada ya distoshoni. Na usilifunge kwa nguvu hadi linakata noti zako. Kama mvumo ni mkubwa kiasi hicho, kwanza punguza geini, kisha sogea mbali na taa za tyubu, kisha angalia kama gitaa lako lina pikapu (zile sumaku za kunasa sauti chini ya nyuzi) za koili moja. Za koili mbili zimebuniwa kuua mvumo huo huo.

Nobu zinakwaruza nikizungusha.

Vumbi. Kiangazi cha Moshi kinatosha kuzijaza. Puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme ndani ya nobu, zungusha mara ishirini, acha ikauke. Usitumie mafuta ya cherehani, tafadhali.

Nikienda kununua kitu kilichotumika, niangalie nini?

Nenda na gitaa lako, waya wako na adapta yako. Kanyaga swichi mara kumi. Kwenye spika, isukume karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza, koili imekwisha. Fungua nyuma ya boksi uone kama spika zote ni za aina moja na omu moja. Nairobi ni kama kilomita 270 kutoka Arusha na wana bendi za metali za muda mrefu, kwa hiyo vitu vizito hupatikana huko. Ukivuka Namanga uwe na risiti na uwe tayari kulipa ushuru, usijifanye ni mzigo wa shangazi.

Hizo trei za mayai ukutani kwako, zinazuia sauti isitoke nje?

Hazizuii. Zinapunguza kidogo mrudio wa sauti za juu humu ndani, basi. Sauti inazuiwa na kitu kizito na chumba kisicho na upenyo, na mimi nina mlango wa bati. Jirani yangu, mama mmoja muuza mboga, tumekubaliana saa kumi na mbili na nusu jioni boksi linazimwa, na yeye ananijulisha kwa kugonga bati mara mbili. Akigonga mara tatu maana yake anataka turudie ule wa mwisho.